Msalaba Ndani ya Ubao

Kaire Hallop alikuwa akipiga randa ubao wa nne pale msalaba ulipotokea. Kwanza ilikuwa alama ya kahawia isiyozidi ukucha, akadhani ni fundo. Akapiga randa tena, alama ikarefuka. Mara ya tatu ikaota mkono wa kushoto, mara ya nne mkono wa kulia. Akaweka randa chini, akapuliza vumbi, akabaki ameduwaa. Msalaba mweusi wa utomvu uliokauka ulikuwa umelala katikati ya ubao mweupe, mrefu kama kiganja chake, mkono mmoja umezidi mwingine.

Ilikuwa saa sita mchana, Januari, kwenye karakana ya chuo huko Tallinn. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Kaire hakwenda, kwa sababu alikuwa na wiki tano tu za kumaliza na alikuwa mtu wa kujitesa bila kuombwa.

Alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili. Kwa lugha ya chuo alikuwa akisomea usanifu wa samani endelevu. Kwa lugha ya mjomba wake Endel alikuwa akitengeneza benchi, na miaka miwili ni mingi mno kwa benchi. Lakini halikuwa benchi la hivi hivi. Lilikuwa la nyumba moja tu, nyumba ya mama yake huko kusini, Võru. Lilitakiwa kukaliwa miaka mia moja. Lilitakiwa litoke kwenye mti mmoja ulioota si mbali na nyumba hiyo, bila msumari wala gundi ya dukani. Na kila ubao ulitakiwa uwe na cheti chake: mti uliota wapi, uliangushwa na nani, kwa nini, na kila kovu lililomo lilitoka wapi.

Vyeti hivyo vilikuwa wazimu wa msimamizi wake, Tarvo Lepiste, mzee mwembamba mwenye ndevu za mbuzi na sweta moja kwa majira yote.

"Nusu ya mbao za dunia hii zimeibwa," alizoea kusema, "halafu zinapakwa mafuta ya kitani na kuitwa rafiki wa msitu. Wewe ubao wako utasema kila kitu. Ukiacha pengo hata moja nitakuangusha, binti, na nitakuangusha huku nakupenda."

Sasa ubao ulikuwa umeanza kusema.

Watu wa Võru hawahitaji kuelezwa msalaba wa namna hiyo. Maiti akitolewa nyumbani kwenda kuzikwa, msafara husimama kwenye msitu ulio kati ya nyumba na makaburi. Mwanamume mmoja wa ukoo hushuka, huchagua msonobari, hukata msalaba kwenye gome. Watu hupokezana chupa, kila mmoja funda moja, kisha safari huendelea. Marehemu akishikwa na hamu ya kurudi kwake, atafika kwenye mti ule, atauona msalaba wake, atakumbuka kwamba amekufa, atageuka. Mti wenye msalaba haukatwi. Hata wale wanaoicheka desturi hiyo wakiwa mjini, wakienda kwao huupita mti wa ukoo wao kwa adabu.

Huu ulikuwa umekatwa. Dhoruba ya Novemba ilikuwa imeulaza upande, Mjomba Endel akaumalizia kwa msumeno kwa sababu ulining'inia juu ya njia, na gome lake lilikuwa safi. Jeraha la zamani lilikuwa limejifunga. Mti ulikuwa umeumeza msalaba kama mtu anavyomeza neno.

Kaire aliuona msalaba ukikatwa mara moja tu maishani, siku babu yake mzaa mama alipozikwa. Mazishi ya baba yake hakuyahudhuria. Alikuwa na miaka minane na homa kali, wakamwacha kwa jirani na bakuli la supu. Kwa hiyo aliposimama pale akiutazama ubao, wazo la kwanza lilikuwa moja tu: huu ni wa baba. Huu ndio uliomzuia miaka yote hii, na mimi nimeupasua mbao.

Baba yake, Aivar Hallop, alikuwa dereva wa trekta, mtu mrefu wa kuinama kila mlangoni. Alikuwa na tabia ya kukung'uta viatu kizingitini kabla ya kuingia, vishindo vitatu. Kishindo cha kwanza kikiwa kizito kupita kawaida, mama alimsukuma Kaire chini ya kitanda bila kusema neno. Mtoto alijifunza kusikiliza kabla hajajifunza kusoma. Halafu usiku mmoja wa Februari baba hakufika. Asubuhi walimkuta njiani, ameganda. Watu walisema ni pombe, na kweli ilikuwa pombe. Kaire akapona homa, akarudi kwenye nyumba ambamo mtu angeweza kuangusha kijiko na lisitokee lolote.

Aliupenda ukimya ule. Aibu ya kuupenda aliibeba hadi utu uzima, na hakuwahi kumwambia mtu.

Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi wa Tarvo, alifanya alichofundishwa. Alichukua ubao wa nje, ule wenye gome bado, akaurudishia juu ya ubao wenye msalaba ulivyokuwa mtini, akaweka lenzi kwenye ncha, akahesabu pete za miaka kutoka kwenye gome hadi penye jeraha. Baba alikufa miaka kumi na tisa iliyopita. Pete zilikuwa ishirini na moja.

Akahesabu tena. Akaweka alama kwa penseli kila pete ya tano kama mtoto wa darasa la kwanza. Ishirini na moja. Siku hiyo hiyo jioni akamwita Tarvo, naye akavaa miwani yake miwili kwa mpigo, akahesabu huku midomo ikicheza.

"Ishirini na moja," Tarvo alisema. "Kwa nini? Ulitaka ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mti haujui unachotaka. Pete ya ishirini na mbili imekatizwa katikati, unaona? Basi ni kiangazi. Mtu alipiga mti huu kiangazi, miaka ishirini na moja na nusu iliyopita. Nani alikufa kwenu kiangazi kile?"

Kaire alifikiri. Babu alikufa masika ya mwaka huo, na mti wake ulikuwa ng'ambo ya njia, bado umesimama, msalaba wake wazi kama dirisha. Zaidi ya huyo, hakuna.

"Hakuna aliyekufa," alisema.

"Basi mtu alikatiwa msalaba akiwa hai," Tarvo alisema, akavua miwani moja baada ya nyingine. Alikuwa mtu wa Tallinn, hakuwa na imani hizo, lakini alisogea hatua moja nyuma kutoka kwenye ubao. "Hilo utaliandika kwenye cheti. Nani, na kwa nini."

Kesho yake, karibu na adhuhuri, Kaire alikuwa peke yake akichonga ndimi za kuungia miguu ya benchi, patasi mkononi. Nje ya mlango wa karakana mtu alikung'uta viatu, vishindo vitatu, cha kwanza kizito.

Mwili wake ulijua kabla ya akili. Alijikuta amechuchumaa nyuma ya meza ya kazi, magoti kifuani, mwanamke wa miaka ishirini na saba mwenye shahada moja na nusu. Akangoja. Hakuna aliyeingia. Alipojikaza kwenda kufungua, ushoroba ulikuwa mtupu. Juma zima Tallinn ilikuwa na mvua tu, hakuna chembe ya theluji mjini. Lakini kwenye zege la kizingiti palikuwa na mabonge mawili ya theluji iliyoshindiliwa, yenye umbo la kisigino, yakiyeyuka taratibu.

Tangu siku hiyo hakupata raha. Harufu ya sufu yenye unyevu na mafuta ya trekta ilimfuata kwenye kona ya mbao zake, na mwenzake mmoja akauliza kwa utani kama amefuga ng'ombe humo. Alilikusanya benchi: viungo vilikaa barabara, kila ulimi kwenye tundu lake, ukigonga ubao unaitika sauti moja. Asubuhi iliyofuata akakuta upande wa kulia umebonyea na kiungo kimeachia upana wa unywele. Akakaza. Asubuhi ya pili ikawa vile vile.

"Nani analikalia hili?" Tarvo aliuliza kwa hasira. "Huu ni uzito wa kilo mia. Nitamkata mtu mshahara."

Kaire alijua ni nani aliyekuwa na kilo mia.

Akampigia simu Mjomba Endel. Endel ni kaka wa mama yake, mtu wa mzaha, anayeishi na mbwa wawili na mashine ya kupasulia mbao, na anayepokea simu kwa kupiga kelele kana kwamba Tallinn iko ng'ambo ya bahari.

"Profesa wa mabenchi! Umemaliza? Au bado unaubembeleza mti?"

"Mjomba, ule msonobari ulioulaza. Una msalaba ndani."

Endel alicheka, kisha kicheko kikakatika. "Usinitanie na hayo."

"Ninao hapa. Umejifunga kwa nje, hukuweza kuuona. Nataka kukuuliza, msalaba wa baba ulikata wewe?"

Mbwa mmoja alibweka nyuma yake, akamnyamazisha. Alipoongea tena alikuwa ameshusha sauti, na Kaire hakuwahi kumsikia mjomba wake akishusha sauti.

"Nilitakiwa nikate mimi. Tulisimamisha gari, nikashuka na kisu. Mama yako akashuka nyuma yangu, akanishika mkono. Akaniambia, 'Endel, acha.' Nikamwambia, 'Urve, huyu asipowekewa alama atakurudia, unamjua mwenyewe.' Akasema, 'Njia imekwisha kufungwa.' Nikadhani ni uchungu. Nikarudisha kisu mfukoni. Hakuna msalaba wa baba yako, Kaire. Hatukukata."

"Na alikutwa wapi? Hasa wapi?"

"Kwani hujui? Pale pale. Chini ya ule mti. Ameuegemea, miguu imeelekea dukani, si nyumbani. Mita mia nne kutoka kitandani kwake. Njia hiyo aliipita amelewa mara elfu, akatambaa hata kwa magoti akafika. Siku ile akaishia pale." Endel alikohoa. "Mimi ndiye niliyeuangusha, Mungu wangu. Mama yako anajua?"

Kaire alikuwa akikumbuka kwamba tangu Novemba mama yake hajampigia simu hata mara moja, na kwamba siku moja tu, alipompigia yeye, mama aliuliza swali moja la ajabu: gogo lako mjomba alilitoa upande gani wa njia? Kaire alijibu kwamba hajui, upande wa kulia nafikiri, na mama akasema haya, akakata.

Sasa kila kitu kilijipanga, na kilijipanga vibaya. Mama ndiye aliyemkatia baba msalaba akiwa hai. Alikwenda kiangazi, peke yake, akauchagua mti kwenye njia ya mumewe, akamwandika miongoni mwa wafu. Miaka miwili na nusu baadaye baba aliufikia mti ule usiku wa baridi ya nyuzi ishirini na tano chini ya sifuri, akageuka, au akashindwa kugeuka, akakaa.

Unaweza kusema ni ushirikina. Kaire naye alijaribu kusema hivyo. Lakini alikuwa na benchi lililokuwa likibonyea asubuhi, na cheti chenye mstari mtupu, na mama ambaye angekaa safu ya mbele siku ya kutetea kazi yake chuoni, amevaa gauni lake la kijani, akisubiri kusikia binti yake akisoma mbele ya watahini watano historia ya kila kovu. Akiandika jina la mama, amemfanya muuaji mbele ya watu. Akiacha pengo, amepoteza shahada, na Tarvo hakuwa mtu wa kubembelezwa. Na kulikuwa na jambo la tatu ambalo lilimuuma kuliko yote mawili: alitaka kujua. Alitaka kujua kama ukimya ule mtamu wa utoto wake ulinunuliwa.

"Andika unachokijua," Tarvo alimwambia alipomweleza, kwa kifupi na kwa kuficha nusu. "Na pima kila kitu. Jeraha liko juu kiasi gani?"

"Kutoka kitako cha gogo, sentimita sitini. Mjomba aliacha kisiki cha ishirini."

"Themanini kutoka ardhini. Chini sana." Tarvo aliinama, akaweka mkono hewani kwenye kimo cha nyonga yake. "Mti haupandishi makovu yake juu, unajua hilo. Hata mtu mfupi hakati hapa, angeumiza mgongo. Huyu alipiga magoti."

Kaire akamwona mama yake amepiga magoti kwenye zulia bichi la kuvumwani chini ya misonobari, kiangazi, kishoka mkononi, midomo ikisali au ikilaani. Picha hiyo ilimkaa kichwani siku tatu. Siku ya nne, Jumamosi, akaazima gari la chuo, akapakia benchi, akashuka kusini.

Alifika saa saba mchana. Theluji huko ilikuwa ya kweli, imefika magotini, na jua lilikuwa limekaa chini juu ya misonobari. Alipofika penye kisiki alipunguza mwendo bila kutaka. Kisiki kilikuwa kimefunikwa kofia nyeupe. Kando yake, theluji ya njiani ilikuwa imekanyagwa. Alama za viatu zilianzia pale, kutoka mahali pasipo na alama nyingine, zikaelekea nyumbani. Hazikuwa zikirudi.

Alizifuata kwa gari, polepole, mita mia nne. Ziliishia kwenye mlango wa mbele.

Mama yake alitokea kwenye kona ya nyumba, ameshika ndoo, shali kichwani. Urve alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi, mwenye mikono mikubwa ya mtu aliyekamua ng'ombe miaka thelathini.

"Pitia nyuma," alisema kabla hata ya salamu. "Mlango wa mbele sifungui."

"Tangu lini?"

"Pitia nyuma, mwanangu, unaganda."

Wakaliingiza benchi kwa mlango wa jikoni, wakalibinua na kulipindua huku mama akinung'unika kwamba ametumiwa meli. Walipoliweka chini ya dirisha la jikoni, mama alipitisha kiganja juu yake, taratibu, kama anavyompapasa ndama. Kiganja kikafika kwenye msalaba, kikasimama. Hakushtuka. Kaire alikuwa amejiandaa kwa mshtuko, machozi, hata makelele. Kukosa kwake kushtuka kulimtia hasira.

"Unaujua," alisema.

"Naujua."

"Mjomba ameniambia ulivyomzuia asikate. Nimehesabu pete, mama. Ni kiangazi cha mwaka aliokufa babu. Baba alikuwa mzima! Alikuwa akilima pale juu kwa trekta, na wewe ulikuwa umepiga magoti ukimkatia msalaba! Nitaandika nini mimi? Nisome mbele ya watu kwamba mama yangu..." Alielekeza kidole kwenye msalaba. "Ulimfungia njia. Akafia mlangoni kwako kama mbwa."

Mama alivua shali, akalikunja, akakaa kwenye benchi. Alikaa upande wa kushoto. Upande wa kulia akauacha.

"Kaa," alisema.

"Sikai."

"Basi simama. Kahawa iko kwenye jiko, jibini liko hapo, la bizari, nimelitengeneza jana." Alitazama mikono yake. "Tulipomzika baba yangu ulikuwa na miaka sita. Ulisimama karibu sana na Endel, hata vipande vya gome vikakurukia. Njiani ukaniuliza, 'Mama, mtu ambaye hajafa akiuona msalaba wake, naye hugeuka?' Nikakwambia, 'Sijui, nyamaza.' Nilikuwa na jicho limevimba siku ile, sikutaka watu wageuke."

Kaire aliacha kuutazama msalaba, akamtazama mama.

"Kiangazi kikafika. Nikawa nakupoteza mchana. Siku ya kwanza, siku ya pili. Kishoka cha kuchanjia vibanzi nacho kikawa hakionekani. Siku ya tatu nikakufuata." Mama aliinua kiganja kimoja, akakiweka hewani kwenye kimo cha nyonga ya mtu aliyesimama, pale pale alipoweka Tarvo. "Kifua chako kilifika hapa. Ulikuwa umesimama wima, Kaire, hukupiga magoti. Ulikuwa ukipigiza kishoka kwa mikono miwili, ulimi nje, mikono imechubuka. Ulikuwa unamaliza mkono wa pili wa msalaba."

"Hapana," Kaire alisema.

"Ulikuwa unasema jina lake. Kila pigo, jina lake."

"Hapana, mama."

Lakini tayari ilikuwa inamjia, kidogo kidogo, jinsi msalaba ulivyotoka chini ya randa: joto la mchana ule, nzi, utomvu ukimnata vidoleni na usitoke hata kwa sabuni. Uzito wa kishoka. Furaha. Hilo ndilo lililomshinda, furaha ile. Akakaa sakafuni.

"Nilisimama nyuma ya mti," mama aliendelea. "Ningeweza kukunyang'anya. Mama mwenye akili angekunyang'anya, akakuchapa. Mimi nikakaa kwenye kuvumwani, nikangoja umalize. Ulipomaliza nikakushika mkono, nikakuosha, nikakupa maziwa. Nikasahau, au nikajitia kusahau. Mti wenyewe ukaanza kujifunga. Halafu akakutwa pale, amekaa, na Endel akashuka na kisu chake. Ningemwambia nini? Kwamba mtoto amekwisha kufanya kazi hiyo?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ili iweje? Ulipona homa ukaanza kuimba. Ulikuwa hujawahi kuimba humu ndani." Urve alifuta pua kwa shali. "Na nilifurahi, Kaire. Sikumlilia hata tone. Ukitaka jina la kuandika kwenye karatasi yako, andika langu. Nilikuwa mtu mzima, nilikuona, nikakuacha. Miaka yote hii nimesubiri mtu aniulize, nimpe jina langu. Hakuna aliyeuliza."

Kahawa ilianza kuchemka na kumwagika juu ya jiko, na hakuna aliyeinuka.

Ndipo vishindo vikasikika kwenye kizingiti cha mbele. Kimoja, kizito. Cha pili. Cha tatu. Kaire alimtazama mama yake, mama akamtazama yeye, na wote wawili, bila kupenda, walikuwa wamejikunja mabega.

"Kila siku wakati huu," mama alinong'ona. "Tangu dhoruba. Anakung'uta viatu, anasimama. Hagongi. Mimi siwezi kumfungulia. Nimejaribu. Mkono wangu unakataa."

Kaire aliinuka kutoka sakafuni. Alivuka chumba cha mbele, akaondoa kiti kilichokuwa kimeegemezwa mlangoni, akasukuma kitasa kilichokuwa kimeshika kutu ya miezi mitatu. Mlango ulifunguka kwa kukwaruza. Nje palikuwa na jua, theluji, njia na alama za viatu zilizosimama sambamba zikimwelekea. Hakukuwa na mtu. Baridi iliyoingia ilikuwa ndefu, ikabidi iiname kupita.

"Baba," alisema, "ni mimi niliyekata. Si mama. Nilikuwa na miaka sita na nilikuogopa."

Kitu baridi kikamgusa utosini. Akafumba macho, akajikunyata, akakingoja kipigo kama alivyokingoja utoto wake wote. Baridi ile ilikaa hapo kichwani, bila kubonyeza, muda mrefu kuliko alivyoweza kushusha pumzi. Halafu akagundua kwamba analia, na kwamba kipigo hakijaja.

Nyuma yake, jikoni, alimsikia mama akinyanyuka, akilifuta jiko, akifungua kabati la vikombe. Vikombe viligongana.

"Mwulize," mama alisema, "kama atakunywa kahawa."